Muhuri Mmoja Niliougonga kwa Huruma

Mimi ni mstaafu. Brenda, usicheke. Nina miaka kumi na saba na sina mvi hata moja, lakini Jumamosi iliyopita nilikabidhi muhuri wa kikundi, na mtu akishakabidhi vifaa vya kazi huitwa mstaafu. Hata Afande Odongo amekubali, na yeye anajua mambo ya kustaafu kuliko mtu yeyote hapa Namuwongo, maana amestaafu mara mbili: mara ya kwanza polisi, mara ya pili kikundini kwetu.

Ninakuandikia wewe unayeshika kazi yangu, na wadogo wengine watakaokuja baada yako. Ningeweza kukuita tukae tuongee, lakini unanijua. Nikiongea na mtu mmoja natazama viatu vyake. Nikiongea na watu ishirini na tano natazama mlango. Kwa hiyo nimeona niandike, kama ninavyoandika kila siku kwenye daftari langu, ila safari hii nitamwachia mtu mwingine asome.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, kwa ajili ya wale ambao mama zao hawajawahi kuwapeleka kikundini. Kikundi chetu cha akiba hukutana kila Jumamosi saa tisa alasiri katika darasa la chekechea karibu na reli. Viti ni vya watoto wa miaka minne. Utawaona wanawake wazima, wake za polisi, wauza nguo kutoka Kenya, wapika chakula, magoti yamefika kidevuni, wamekaa chini ya picha ya embe na herufi E. Nyumbani kila mmoja ana lugha yake. Hapo tunatumia Kiswahili, na kila mtu anakivunja anavyotaka.

Kila mwanachama ana kijitabu. Muhuri mmoja ni shilingi elfu tano. Mwenye uwezo ananunua hadi mihuri mitano kwa wiki, asiye na uwezo ananunua mmoja, au anakosa. Pesa zinazowekwa ndizo zinazokopeshwa, wanaokopa wanalipa na faida kidogo, na mwisho wa mwaka kila mtu anagawiwa kwa kadiri ya mihuri yake. Kazi ya katibu ni kugonga muhuri na kusoma kwa sauti. Kugonga niliweza tangu siku ya kwanza. Kusoma kwa sauti ndiko kulikonitoa jasho.

Afande Odongo ndiye aliyekuwa katibu kabla yangu. Polisini alikaa miaka mingi kwenye meza ya mbele, akiandika kila kinacholetwa: kuku walioibwa, wake waliopigwa, watoto waliopotea. Macho yalipoanza kuingia ukungu alimwambia mama yangu, mke wa polisi mwenzake, "Lete ile mtoto yako yenye haiongei. Mtu haiongei, mkono yake inaandika."

Alinifundisha mambo ambayo shuleni hayapo. Wino ukiwa mwingi, gonga kwanza kwenye gazeti. Viboksi vilivyobaki wazi kwenye mstari wa wiki hiyo, vipigie mstari hapohapo mwenyewe akitazama, ili asije mtu baadaye kuvijaza. Usimuulize mtu "una pesa ngapi leo?" mbele ya wenzake, muulize "tugonge?" naye atakuonyesha vidole. Ukiogopa macho ya watu, watazame kwenye paji la uso, hawatajua tofauti. Hilo la mwisho limenisaidia hata kwenye mitihani ya kuongea.

Na kubwa kuliko yote: "Kalamu ya polisi haifuti," alisema. "Ikikosea, inapiga mstari moja tu, ile makosa ibaki inasomeka, halafu unaandika jina yako pembeni. Umesikia, wewe? Mtu anafuta ndiyo mwizi. Mtu anapiga mstari ni binadamu."

Nilidhani anazungumzia kalamu.

Sanduku letu ni la chuma na lina makufuli matatu. Funguo zinakaa kwa wanawake watatu wa mistari mitatu tofauti ya nyumba, ili wasiweze kukaa jikoni kwa mmoja wakashawishika. Mpango mzuri sana, mpaka siku mmoja wao alipokimbilia Lira kwenye msiba wa kaka yake na ufunguo shingoni. Jumamosi ikafika. Sanduku lipo, pesa zimo, watu wanataka mikopo, na kufuli moja linatutazama tu. Mtu akasema tuite fundi alivunje. Mama Wanjiru, mwenyekiti wetu na mmoja wa wenye funguo, akasema, "Tukilivunja leo kwa sababu nzuri, kesho litavunjwa kwa sababu mbaya. Tungoje." Tuliungoja ufunguo siku tano. Ulifika na basi, umezikwa ndani ya mkebe wa odii, ile siagi ya ufuta na karanga ya kaskazini, kwa sababu mwenyewe aliogopa utingo akiuona ataupoteza. Ilibidi tule odii ya kutosha kabla ya kuuona. Mpaka leo kufuli la kati linanukia ufuta.

Kuna wakati Mama Wanjiru alitaka tuache vijitabu tuhamie kwenye simu. Yeye ni wa Kenya, ana duka la mitumba na mambo mengi anayaona mapema. Alituonyesha jinsi kila kitu kingekuwa kwenye kioo. Jajja Nalongo, bibi anayeuza mihogo ya kuchemsha, akaigeuzageuza ile simu akamrudishia. "Kale, sawa, ni nzuri," alisema. "Sasa ikisema uongo, mimi nitaitazama kwenye uso gani?"

Jajja Nalongo hajui kusoma. Wengi pale hawajui. Ndiyo maana tuna desturi ambayo wageni wakiiona wanatucheka. Hakuna anayejisemea akiba yake. Kila mtu anakariri mihuri ya jirani yake wa kulia. Mwanzo wa mkutano unasimama unasema, "Fulani, kumi na sita." Mwisho wa mkutano unasimama tena unasema idadi mpya. Kijitabu kinaweza kulowa, kuliwa na panya, kuchezewa. Jirani hachezewi. Brenda, usije ukaidharau desturi hii kwa sababu wewe unajua kusoma. Mimi niliidharau, na ndiyo hadithi yenyewe.

Mama Apio unamjua. Lakini wadogo wengine wataisoma hii, kwa hiyo nimtambulishe: alikuwa mpika chakula wa kuokoteza kazi, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa kule chini, ambako mvua ikinyesha mfereji unaingia ndani bila kubisha hodi. Alikuwa ananunua muhuri mmoja, wiki nyingine hakuna. Alikuwa anakopa vimkopo vidogo vidogo kila mara: dawa, karo, godoro lililolowa. Na alikuwa analipa. Nilikuwa ninaandika kila anacholipa, na jioni nikirudi nyumbani nikaanza kuona jambo ambalo halikunipendeza. Faida aliyokuwa akiilipa Mama Apio ilikuwa inagawanywa kwa mihuri. Kwa hiyo nyingi ilikuwa inakwenda kwa wenye mihuri mitano kila wiki, ambao walikuwa hawakopi. Kwa njia halali kabisa, kwa mwandiko wangu mzuri, mwenye kidogo alikuwa anamwongezea mwenye kingi. Niliandika hilo kwenye daftari langu. Kikundini sikusema neno.

Sasa Mama Apio akapata bahati. Mwenye kibanda karibu na lango la kiwanda cha sabuni alikuwa anahama, akamwambia atampa nafasi ile apikie wafanyakazi katogo asubuhi, ndizi na maharage, mradi awe na pesa kabla ya mwisho wa mwezi. Zilihitajika sufuria mbili kubwa, sigiri ya makaa na kodi ya mwanzo. Mkopo wa biashara kikundini ulikuwa na sharti: uwe na mihuri ishirini. Yeye alikuwa na kumi na tisa.

Jumamosi hiyo alikuja na elfu mbili na mia tano, amezifunga kwenye pembe ya leso. Apio, mtoto wake mdogo, alikuwa ameugua. Aliziweka mezani kwangu, akazitazama, akazirudisha kwenye leso. "Nusu muhuri hamna, eeh?" akasema, akacheka kidogo. "Kale. Wiki ingine."

Wiki nyingine kikundi kisingekopesha, maana tulikuwa tunafunga mikopo ili tujiandae kugawana. Alilijua hilo, na mimi nililijua.

Mfukoni nilikuwa na elfu tano ya kununulia karatasi za marudio ya mtihani. Nikaitia kwenye bakuli la pesa. Nikagonga muhuri kwenye kijitabu chake. Nilijiambia sijaiba: pesa ipo, muhuri upo, bakuli halitapungua. Nilijiona mwema sana, tena kwa siri, na kwa mtu mwenye haya wema wa siri ni mtamu kupita kiasi, maana hautaki uongee.

Zamu ya mikopo ilipofika, nilisoma, "Mama Apio, ishirini." Alishtuka. Nilimwona akishtuka. Lakini watu walishaanza kupiga makofi, Mama Wanjiru akahesabu pesa, akampa. Akazipokea kwa mikono miwili.

Kisha ukafika wakati wa kufunga mkutano. Wakasimama mmoja mmoja, jirani kwa jirani. Jajja Nalongo akainuka kwenye kile kiti kidogo, akashika kiuno.

"Mama Apio, kumi na tisa."

"Jajja, ishirini," akasema Mama Wanjiru. "Kitabu kinasema ishirini."

"Kitabu haina macho. Mimi ndiye niko na macho. Leo hakuweka. Alifunga pesa yake kwa leso, nikaona."

Kilichofuata kilikwenda haraka. Mtu akasema kuna kikundi kule juu ambako mwanamke alichongesha muhuri wake wa mpira. Mwingine akasema, ndiyo maana kila siku anakopa. Mwingine akasema, watu wa kule mferejini ndivyo walivyo. Mama Apio akarudisha zile pesa mezani bila kuambiwa. Kijitabu chake kikachukuliwa. Wakaamua: Jumamosi ijayo aje na maelezo, la sivyo atolewe, na akitolewa hapati hata hiyo kumi na tisa yake mpaka uchunguzi uishe.

Hakuna aliyenitazama mimi. Mtoto wa polisi, mnyamavu, wa kanisani. Watu wanadhani mtu asiyeongea hana uongo. Nawaambia ukweli, wadogo zangu: uongo wangu mkubwa kuliko wote niliusema kwa kunyamaza.

Mama Apio alinitazama mara moja tu. Alijua. Halafu akaitazama leso yake.

Wiki hiyo sikulala vizuri na sikula vizuri, mama akadhani ni malaria. Siku ya Jumatano nikaenda kwa Afande Odongo. Alikuwa amekaa nje anasikiliza redio.

"Ripoti!" akasema, kama kawaida yake.

Nikampa ripoti, nikitazama viatu vyake. Alizima redio.

"Kwa hiyo umeandika kitu haikutokea."

"Nilitaka kumsaidia, Afande."

"Nimeandika kesi miaka mingi. Nusu ya hao watu walitaka kusaidia." Akasugua macho yake. "Unajua kwa nini walimshika yeye haraka hivyo? Kitabu ya Wanjiru ikizidi muhuri moja, watasema katibu amekosea. Kitabu ya Apio ikizidi moja, watasema Apio ameiba. Na wewe umemwekea mtego hapo hapo penye anaanguka."

Nikalia. Hakunibembeleza. Akasema, "Sasa fanya vile nilikufundisha. Usifute. Piga mstari moja, andika jina yako pembeni."

"Nikishindwa kuongea?"

"Paji la uso, Scovia. Tazama paji la uso."

Jumamosi ikafika. Mama Apio alikuja mapema, amevaa gomesi yake ya sikukuu, amekaa wima kwenye kile kiti cha mtoto kama mtu anayesubiri hukumu ya mahakama. Mama Wanjiru akafungua mkutano. "Haya, Mama Apio. Tuambie."

"Mimi sina maneno," akasema Mama Apio.

Nikasimama. Kiti changu kikaanguka. Watu wakacheka, na kile kicheko kilikaribia kunirudisha chini. Nikatafuta paji la uso la Mama Wanjiru, lina alama ndogo ya kuungua, nikaishikilia ile alama.

"Muhuri niliugonga mimi," nikasema. "Pesa ilikuwa yangu. Yeye hakujua."

"Sauti!" mtu akapaza kutoka nyuma.

"NI MIMI," nikasema, na sauti ilitoka kubwa hivi kwamba kuku waliokuwa mlangoni wakakimbia.

Mama yangu akafunika uso kwa kitenge. Nikachukua kile kijitabu, nikapiga mstari mmoja juu ya muhuri wa ishirini, nikaandika jina langu pembeni mbele yao wote. Ningeweza kukaa hapo. Lakini mlango wa kinywa ukishafunguka haujui kujifunga, nikasema na lile jingine: kwamba Mama Apio anakopa na kulipa kuliko wote, na faida yake inakwenda kwa wenye mihuri mitano, na mkopo mkubwa anaupata mwenye nyingi ambaye hauhitaji sana.

Mama Wanjiru akainua nyusi. "Kwa hivyo unasema mimi ninakula jasho ya Apio?"

"Hapana, Mama. Ndiyo. Kidogo."

Wakaangua kicheko, wote, hata mama ndani ya kitenge. Mama Wanjiru hakucheka. Alizungusha ufunguo wake shingoni. Kisha akasema pole pole kwamba yeye mwenyewe alipovuka mpaka kuja hapa aliuza soksi mkononi, jozi kwa jozi, na kwamba hakuna kikundi kilichomkubali kwa sababu hakuwa na mdhamini. "Nilisahau," akasema. "Mtu akinenepa anasahau mlango ulivyokuwa mwembamba."

Jajja Nalongo ndiye aliyesimama. Yeye mwenyewe alikuwa na mihuri ishirini na mitatu tu. "Mimi ndiye nilisema kumi na tisa, na ni kumi na tisa," akasema. "Sitabadilisha. Lakini mitatu yangu imkinge. Akishindwa kulipa, mtakata kwangu."

Bibi wa mihogo amekinga. Mwenye duka afanyeje?

"Na mitano yangu," akasema Mama Wanjiru. "Tumeshafunga mikopo, lakini huu mmoja tutautoa leo."

Hivyo ndivyo sheria ya kinga ilivyoanza, hii unayoikuta leo unadhani ilikuwako tangu zamani. Upungufu wa mtu unakingwa na mihuri ya wengine wawili, kwa jina, kwa sauti, mbele ya wote. Na baadaye, baada ya mabishano ya Jumamosi tatu na mtu mmoja kutoka akabamiza mlango, tulikubaliana sehemu ya faida igawanywe sawa kwa kila kichwa kabla ya kugawa kwa mihuri. Sehemu ndogo, lakini ipo.

Mimi nilitozwa faini, na kwa Jumamosi nne nilifagia darasa kabla na baada. Elfu tano yangu ilirudishwa mkononi mwangu mbele ya watu, na hiyo iliuma kuliko faini.

Mama Apio alipata kibanda zikiwa zimebaki siku mbili mwezi uishe. Siku moja nilimuuliza kwa nini hakunitaja wiki ile. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua macho. "Ningesema, nani angeamini? Halafu wewe ni mtoto. Mimi nishazoea kuitwa mwizi, wewe bado." Kisha akanirushia kisu cha pili. "Menya. Unasimama tu kama mgeni."

Nimemenya ndizi pale likizo yote hii, baada ya mtihani wa Senior Four, yaani kidato cha nne, na ananilipa. Sitaki nikudanganye, Brenda, kwamba sasa wote wako sawa. Mama Wanjiru amenunua kiwanja Kasubi. Mama yako amenunua sufuria ya tatu na bado mfereji unaingia ndani mvua ikizidi. Ndiyo, wadogo zangu, Brenda ni binti mkubwa wa Mama Apio, yule ambaye karo yake niliiandika mara nyingi kwenye mistari ya mikopo. Mwaka huu haijaandikwa hata mara moja. Na sasa ndiye anayeshika muhuri.

Wiki ijayo naenda shule ya bweni. Jumamosi iliyopita, baada ya kukabidhi, nilitaka kuondoka kimya kimya. Mama Wanjiru akaniita nirudi, akanipa kijitabu kipya kilichoandikwa jina langu. Nikatoa elfu tano ya ndizi. Wewe ndiye uliyegonga, wino ukiwa mwingi. (Gazeti kwanza! Nilikuambia.)

Katika miaka ile yote sikuwahi kuwa na jirani. Katibu hukaa mezani peke yake. Yeye huandika wote, hakuna anayemkariri. Safari hii nilikaa kwenye kile kiti kidogo, magoti kidevuni, chini ya herufi E. Mkutano ukafungwa. Wakaanza kusimama mmoja mmoja. Kushoto kwangu Mama Apio akainuka, akafuta mikono kwenye leso, akasema kwa sauti iliyofika mpaka relini:

"Scovia, moja."